Hata Muuaji Atavua Viatu

Oydin alijua mambo yamekwenda mrama hata kabla ya kicheko. Alijua kwa masikio. Bibi Sanobar, mwenye nyumba, alikuwa amekaa mbele kabisa ya skrini, juu ya kitanda cha mbao kilichowekwa chini ya mizabibu, fuko la mbegu za alizeti mapajani. Alikuwa anazibangua kwa meno ya mbele bila kupumzika, ta, ta, ta. Kwenye skrini muuaji alisukuma mlango kwa bega. Ta, ta, ta. Muuaji akachomoa kisu. Ta, ta. Mkamwana wa watu akarudi nyuma mpaka ukutani, kamera ikatikisika kama iliyopanda punda, pumzi zikasikika kwa nguvu, na Bibi Sanobar akatema ganda kiganjani na kuuliza:

"Huyu mshenzi amekanyaga zulia langu na mabuti?"

Ua mzima uliangua kicheko. Walikuwa wanawake wa mtaa kama kumi hivi, wamealikwa na Murodil-aka, yaani kaka Murodil, mtayarishaji wa filamu, waje kuonja tukio lililopigwa jana. Murodil-aka haamini wahakiki wala maprofesa. Anaamini wanawake wa mitaa ya Kokand, mji huu wa Uzbekistani, kwa sababu wao ndio wanaowaburuta waume zao sinemani. Na sasa wanawake hao walikuwa wanafuta machozi kwa ncha za vitambaa vyao vya kichwa, ilhali tukio lenyewe lilikuwa la kutaka kuua.

"Zulia alilofuma marehemu mama yangu!" Bibi Sanobar alikuwa ameshasimama. "Jana nimekwenda harusini Margilan, nikawaachia nyumba kwa moyo mweupe. Kumbe mnaniingizia mabuti mpaka chumba cha wageni!"

"Bibi, hii ni filamu," alisema Elmurod, mwongozaji, kijana wa miaka ishirini na tisa ambaye kwa wiki mbili zile alikuwa ameanza kuota mvi.

"Najua ni filamu. Zulia nalo ni la filamu?"

"Tuliyafuta mabuti, Bibi."

"Na huyo muuaji amelelewa na nani? Hana mama? Sikilizeni niwaambie. Hata kama amekuja kuua, akiingia nyumbani kwangu atavua viatu!"

"Mimi hata kisu sikukiona," alisema jirani mmoja, bado anahema kwa kucheka. "Macho yangu yote yalikuwa kwenye zulia."

"Na mimi!" wakadakia wenzake.

Oydin alikuwa amesimama nyuma yao na kebo mkononi, uso umemwiva. Yeye ndiye mpiga picha. Yeye ndiye aliyebeba kamera begani jana na kukimbia nayo chumbani mpaka bega likavimba, akidhani kutikisika ndiko kutisha, kwa kuwa ndivyo alivyowaona wanaume wakifanya. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Wanawake walipokwisha kutawanyika, Murodil-aka alimwita kando, karibu na tanuri la mkate. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, na ukali wake wote ameuficha ndani ya upole huo.

"Binti, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini Gafur, yule mpiga picha, ameniambia yuko tayari. Kesho asubuhi anapanda treni kule Tashkenti kuja huku na mtambo wake wa kunyanyulia kamera. Wewe una mpaka jua lizame leo. Rudia tukio. Nitawaita tena hawa akina mama. Wakiogopa, kamera ni yako mpaka mwisho wa filamu. Wakicheka, utamshikia Gafur lenzi."

Kumshikia Gafur lenzi. Oydin aliitikia kwa kichwa. Miaka kumi alikuwa msaidizi wa wapiga picha wanaume, kazi yake kukaa ubavuni mwa kamera na kuzungusha pete ya lenzi ili uso wa mwigizaji usipoteze ukali anaposogea. Sita aliwahudumia. Aliweza kukisia umbali kwa macho tu, mpaka upana wa kidole, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwuliza anaona nini. Mwishoni mwa filamu jina lake lilipita kati ya madereva na wapishi, watu wakiwa wameshaanza kutoka. Hii ndiyo filamu ya kwanza ambayo jina lake lingesimama peke yake. Sasa unga ulikuwa karibu kumwagika, tena kwa sababu ya zulia.

Kana kwamba hayo hayatoshi, Bibi Sanobar alikuwa amekwisha kutangaza sheria mpya mbele ya kikosi kizima: buti halitapita tena kizingiti chake, si la muuaji wala la mtayarishaji.

"Tumekwisha," Elmurod alimwambia Oydin, akigonga karatasi za hadithi. "Opa, dada yangu, soma hapa. 'Vishindo vya mabuti vinakaribia.' Soma hapa. 'Mabuti yanasimama nje ya mlango.' Ukurasa mzima ni mabuti! Bila mabuti tumebaki na nini? Jambazi wa soksi?"

"Kale pilau," Oydin alimjibu. "Niache nifikiri."

Kikosi kilikuwa kinakula ndani. Oydin hakuwa na hamu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na bomba la maji, akiikabili baraza ya nyumba. Ua ulikuwa umemwagiwa maji na kufagiwa, udongo unanukia. Juu ya nguzo ya baraza, kware wa Bibi Sanobar alikuwa anaimba ndani ya tundu lake la kibuyu. Chini ya ngazi mbili za mbao, viatu vya watu wote wa kikosi vilikuwa vimelala kama vilivyovuliwa, ncha zimeelekea ndani, kimoja kimepanda juu ya kingine.

Sabohat, mwigizaji wa sehemu ya mkamwana, alitoka jikoni na simu imebanwa kati ya sikio na bega, sahani ya nyanya mkononi. Ana miaka ishirini na tatu na ni mkamwana kweli, ameolewa mwaka jana. Alikuwa anamsuta dada yake kwa habari ya mchumba fulani. "Mwambie asubiri, nani kamwambia wewe ni mchicha, unachumwa asubuhi unapikwa jioni?" Bila kukata maneno alichuchumaa, na mkono wake wa kulia ukapita kwenye vile viatu, jozi baada ya jozi, ukivigeuza ncha zielekee langoni, ili kila mgeni akitoka atumbukize mguu na kwenda zake. Alipofika jozi ya mwisho alisimama, akavua vyake, akaingia ndani, bado anacheka na simu.

Oydin alisimama ghafla hata ndoo ikaanguka.

"Sabohat!"

Kichwa kikachungulia mlangoni. "Abee, opa?"

"Umefanya nini sasa hivi?"

"Nimefanya nini? Naongea na dada. Mmekataza simu?"

"Hapo chini. Mkono wako umefanya nini?"

Sabohat aliutazama mkono wake, akaugeuza upande wa pili, kama mtu aliyeambiwa amepakaa masizi. "Sijagusa kitu mimi," alisema. Na alikuwa anasema kweli kabisa.

Hakuna mtoto wa Kokand anayefundishwa kugeuza viatu vya wageni. Anawaona mama na shangazi, na siku moja mkono wake unaanza wenyewe. Oydin alisimama akiitazama ile mistari ya viatu iliyonyooka, na tukio likaanza kujipanga machoni pake. Mkamwana anarudi nyumbani. Nyumba haina mtu, lango amelifunga mwenyewe kwa ufunguo. Mlangoni kuna jozi ya viatu. Anavigeuza, kwa adabu, kama alivyozoea. Halafu ndipo anapokumbuka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Oydin alilala kifudifudi kwenye udongo mbichi, kidevu chini, akavitazama viatu vile kutoka kimo cha paka. Wapishi walidhani amezirai.

*

"Muuaji avue viatu," Murodil-aka alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Avue viatu. Halafu anawe mikono, aulize kama chai iko tayari?"

"Avue viatu, aka. Hapo ndipo anapotisha."

"Anatisha nini? Huyo ni mkwe, si muuaji!"

Walikuwa wamekaa barazani, vibakuli vya chai ya kijani mbele yao. Elmurod alikuwa anamtazama Oydin, kisha mtayarishaji, kisha Oydin, hajui aegemee wapi. Aliyeokoa mambo ni Yolchi-aka, mwigizaji wa muuaji, mzee wa sinema na jukwaa mwenye uso wa kutisha na roho ya kondoo.

"Murodil, niseme?" alisema huku akifuta mafuta ya pilau vidoleni. "Mimi nimeua watu jukwaani tangu wewe unanyonya. Nimenyonga, nimetia sumu, mmoja nilimzika mzima. Lakini jana, pale mlangoni, mguu uligoma. Mwulize kijana wako. Mara tatu nilivua buti bila kujua, mara tatu akanifokea."

"Ni kweli," Elmurod alikiri. "Niliona haya kusema."

"Basi. Mtu aliyelelewa hapa, kichwa chake kinaweza kwenda kuua, lakini mguu unabaki na adabu za mama yake."

"Jana tuliwaonyesha kisu, wao wakatazama zulia," Oydin alidakia kabla hoja haijapoa. "Aka, macho yao yako chini, mlangoni, kwenye viatu. Sisi tulikuwa tunapiga kelele juu, wao wako chini. Tuwafuate hukohuko waliko."

"Na muuaji ataonekana saa ngapi?"

"Haonekani."

"Nimeleta mwigizaji mzima kutoka jumba la maigizo ili asionekane!"

"Miguu itaonekana. Mwishoni."

"Miguu!" Murodil-aka alishika kichwa. "Yolchi-aka, na heshima zako zote, unakubali kuwa miguu?"

"Miguu yangu ni mizuri kuliko uso," mzee alijibu bila kucheka. "Mke wangu ameniambia mara nyingi."

Murodil-aka akatazama saa, akatazama jua. "Mimi nimesema mpaka jua lizame," alisema mwishowe. "Pigeni hata kucha za paka kama mnataka. Gafur tiketi anayo."

Hapo Oydin akaanza kazi, na mtu aliyemjua kwa miaka kumi ya kunyamaza angedhani amebadilishwa. Alizunguka ua mara mbili akilitazama jua tu. Ukuta wa lango uko magharibi. Jioni kivuli chake hutambaa uani polepole kama mwenye nyumba anayekagua, na kivuli cha mizabibu hulala barazani mapema zaidi. Kwa hiyo kunakuwa na muda mfupi, robo saa hivi, ambapo mlango umeshakuwa mweusi tii na kizingiti bado kinang'aa. Alitaka robo saa hiyo. Aliamuru sufuria za maua ziondolewe, viti viondolewe, kamba ya nguo iondolewe, viatu vya watu wote vipelekwe nyuma ya tanuri. Akaacha jozi moja tu: kaloshi nyeusi za mpira, zile wanaume wanazovaa juu ya soksi ndefu za ngozi, kubwa, zimechakaa kisigino, zina tope. Zilikuwa za Yolchi-aka mwenyewe. Aliziweka ncha zimeelekea ndani, moja mbele kidogo ya mwenzake, kama zilivyoachwa na mtu mwenye haraka.

Kamera aliitoa kwenye miguu yake ya chuma akailaza juu ya mto, na mto juu ya tofali, hatua moja na nusu kutoka kwenye kaloshi.

"Itakimbiaje ikiwa imelala?" Elmurod aliuliza.

"Haikimbii. Haitikisiki hata kidogo."

"Opa, watu watalala!"

"Mtu akiona kamera inakimbia, anajua kuna mwenzake anayeogopa, anapata nafuu. Ikitulia, anabaki na hofu yake peke yake." Maneno hayo hakuwahi kuyasema kwa mtu, wala hakujua kama anayajua. Elmurod alimtazama kidogo, kisha akakunja karatasi yake ya mabuti na kuitia mfukoni.

"Muziki, basi?"

"Muziki tunao." Oydin alinyoosha kidole juu ya nguzo, kwa kware.

Bibi Sanobar, aliyekuwa amejikalia jikoni akijifanya hasikii, alitoka mara moja. Mtu anaweza kununa, lakini kware wake ni kware wake. "Huyo anaimba kutwa," alisema. "Ila mgeni asiyemjua akipita lango, ananyamaza kimya. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, mbwa wa nini? Akinyamaza huyo, mimi huacha unga natoka kutazama."

Oydin alimgeukia kama aliyeonyeshwa hazina. "Bibi, tukitaka anyamaze sisi tunafanyaje?"

"Unamfunika kitambaa. Ni ndege, si mchawi."

"Utatufunikia wewe? Mimi nikiinua mkono?"

Kikongwe akafikiri, akajivuta vuta, lakini tayari alikuwa amekwisha kukunja mikono ya gauni. "Nitafunika. Ila huo mkate atakaoingia nao mkamwana usianguke. Najua filamu zenu, mtu akiogopa tu anaachia alichoshika. Mkate ukigusa ardhi uani kwangu, nazima huo mtambo kwa ufagio."

"Hautaanguka," Oydin akasema. Na papo hapo akajua cha kufanya na mkate.

*

Mara ya kwanza Sabohat aliharibu. Aliingia langoni na mkate wa moto umefungwa kitambaani, akafika kwenye ngazi, akazikodolea macho kaloshi kama mjusi aliyebanwa na mlango, ndipo akazigeuza.

"Umezitazama," Oydin alimwambia kutoka chini.

"Si ndizo za muuaji, opa? Nisizitazame?"

"Mchana uligeuza jozi kumi na nne. Ulitazama ngapi?"

"Jozi gani?" Sabohat aliuliza, na alipoona Oydin anatabasamu, akashika mdomo. "Ee Mungu wangu."

"Ukiingia, uwe unahesabu vitu vya sokoni. Kwa sauti ya chini. Mama mkwe wako anarudi kesho na wageni, pilau ni la watu ishirini. Usisahau kitu."

Mara ya pili mkono ulikwenda wenyewe, vizuri mno, na hapohapo jirani akapanda juu ya ukuta na kupaza sauti, "Sanobar! Una chachu ya mkate? Yangu imekufa!" Elmurod alikaa chini na kufunika uso. Bibi Sanobar alimjibu jirani maneno ambayo hatutayaandika.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika kwenye ngazi ya chini. Murodil-aka alikuwa amesimama nyuma ya tanuri, mikono mgongoni. Simu alikuwa ameishika tayari.

"Moja tu imebaki," Oydin alisema. Alilala tena kifudifudi, jicho la kulia kwenye kamera, mkono wa kushoto kwenye pete ya lenzi. Hakumpa mtu pete hiyo. Akajiambia waziwazi kwamba anaogopa, kisha akasema, "Haya."

Kware anaimba. Kaloshi mbili nyeusi zimejaa picha, tope lake bado bichi. Nyuma yake, mbali, hakuna ila ngazi na giza la mlango. Ufunguo unalia langoni. Miguu ya mwanamke inaingia, makubadhi mepesi, pindo la gauni la hariri, na sauti inanong'ona, "Karoti za njano kilo nne, vitunguu, bizari, zabibu kavu, nisisahau zabibu." Anachuchumaa. Mkono wa kulia unaingia kwenye picha, unazichukua kaloshi, unazigeuza, unazipanga ziwe sawa. Sasa ncha zinatutazama sisi. "Mafuta lita mbili." Anavua makubadhi, anayaweka kando ya kaloshi, madogo kando ya makubwa. Nyayo zenye soksi nyeupe zinapanda ngazi ya kwanza, ya pili, zinaingia nyuma ya picha na kuwa ukungu mweupe.

Oydin aliinua mkono wa kulia. Kware akanyamaza katikati ya wimbo.

"Mafuta lita..." ilisema sauti, ikaisha.

Kamera haikusogea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya kile kilikaa juu ya kaloshi zile mpaka zikawa kubwa kuliko nyumba. Oydin alihesabu moyoni, moja, mbili, mkono wa kushoto unawasha kwa kutaka kugeuka, miaka kumi yote iko katika vidole vinne. Tano. Sita. Hakuna mwanamume hata mmoja kati ya wale sita ambaye angengoja hivi. Tisa. Ndipo akaizungusha pete, taratibu, na kaloshi zikayeyuka, na nyayo nyeupe zikatokea kwa ukali wake wote, zimesimama kizingitini, vidole vimejikunja. Ukasikika mkate. Ganda la mkate wa moto, linalobanwa kifuani na mikono isiyojua inabana nini, likapasuka: kra. Tena: kra.

Pete ikazunguka unywele mmoja zaidi. Ndani ya giza, mbele ya nyayo nyeupe, ncha za soksi mbili za ngozi nyeusi zikasogea mpaka ukingoni mwa mwanga. Zikasimama sambamba, kwa adabu, kama za mgeni anayengoja kukaribishwa.

Kivuli kilipanda, kikafunika kizingiti. Hakuna aliyesema kata. Elmurod alikuwa amesahau kwamba kazi hiyo ni yake.

*

Wanawake walirudi, wengine na unga mikononi, maana walikatizwa kupika. Walikaa palepale chini ya mizabibu, na walikuja tayari kucheka. Mmoja alimtania Bibi Sanobar, "Leo kakanyaga nini, godoro?" Bibi Sanobar akajiweka sawa kitandani. Alikuwa amemfunika kware kwa mkono wake, lakini picha yenyewe hakuiona. Akafungua fuko lake. Ta, ta, ta.

Oydin alisimama nyuma, mahali pale pale pa mchana. Hakutazama skrini. Alitazama visogo vya watu na kusikiliza meno ya kikongwe.

Zikaonekana kaloshi. Ta, ta. "Za nani hizo?" mtu akauliza. Ufunguo ukalia. Ta, ta, ta. Orodha ya sokoni ikawafanya watabasamu, na mmoja akasema, "Kilo nne hazitoshi watu ishirini." Mkono ukageuza viatu, na hapo hakuna aliyeona ajabu yoyote, maana kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuvigeuza pamoja naye, moyoni, bila kujua. Ta.

Kware akanyamaza.

Bibi Sanobar alikuwa na mbegu kati ya meno. Haikupasuka. Mkono wake ulibaki hewani, karibu na mdomo, na ua wote ukawa kimya hata likasikika bomba la maji likidondoka. Oydin alihesabu nao. Kwenye saba, sauti nyembamba ikasema, "Si alifunga lango mwenyewe?" Kwenye tisa, jirani wa chachu alimshika mwenzake paja kwa vidole vya unga. Nyayo nyeupe zikatokea.

"Usiingie!" yule wa kilo nne akapiga kelele. "Binti, usiingie, jamani!"

Kra, ukalia mkate.

"Toka!" Bibi Sanobar alikuwa amesimama, mbegu zote zimemwagika miguuni. "Toka na mkate wako! Ondoka hapo, mwanangu, kimbia!"

Soksi za ngozi zilipogusa mwanga, wanawake kumi walipiga ukemi kwa pamoja, na mmoja wao, Mungu amsamehe, akatazama nyuma kuhakikisha viatu vyake mwenyewe viko wapi. Kisha picha ikaisha. Kwa muda hakuna aliyecheka. Halafu wote walianza kuongea kwa wakati mmoja, wakimshika Sabohat mikono, wakimpapasa kama mtu aliyetolewa mtoni, na Yolchi-aka alipotoka nyuma ya tanuri kuja kusalimia, walimzomea mpaka akarudi alikotoka.

Oydin alishindwa kujizuia. Aliruka, mzima na miaka yake thelathini na minne, akamkumbatia Elmurod, wakazunguka pamoja hadi kebo zikawafunga miguu. Alicheka na kulia na hakuona haya kwa lolote kati ya hayo.

Murodil-aka alikuwa ameshika kibakuli cha chai iliyopoa. Alikiweka chini bila kunywa, akabonyeza simu, akaiweka sikioni.

"Gafur? Ndiyo. Sikiliza, usije." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hajaugua mtu. Mpiga picha ninaye." Kisha, akimtazama Oydin, akaongeza kwa sauti ile ile ya upole, "Nakwambia ninaye, Gafur. Mwaka kesho mtakuwa mnamshikia yeye lenzi."

Jioni ile Bibi Sanobar hakumruhusu mtu aondoke bila kula. Waliingia chumba cha wageni, wakakaa juu ya lile zulia la mama yake, Oydin akasukumwa mpaka mahali pa juu, mbali na mlango, anapokaa mgeni mkubwa. Alijaribu kukataa, akaambiwa akae, asijifanye mwari. Alikula kwa wawili. Kila aliyeinua kibakuli alimtaja jina.

Alipotoka kuifunika kamera, viatu vya kikosi vilikuwa chini ya ngazi, vurugu tupu, jinsi vilivyovuliwa. Sabohat alikuwa bado ndani anasimulia kwa mara ya tano, na hakuna aliyekuwa ameigusa jozi yoyote. Isipokuwa moja. Raba zake kuukuu, zilizotapakaa tope la kulala chini tangu mchana, zilikuwa zimefutwa, zimetengwa na nyingine, zimepangwa sambamba, na ncha zake zimeelekea langoni.

"Sabohat," aliita, "ni wewe?"

"Mimi nini, opa? Sijatoka humu."

Hapo Oydin aliona. Bibi Sanobar alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza, mwanamke wa miaka sabini na minane, ambaye wakamwana watatu na wajukuu kumi na mmoja humgeuzia viatu vyake, na ambaye tangu azikwe mama mkwe wake hakuwahi kuinamia viatu vya mtu. Alikuwa anashika kiuno kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anakung'uta tope vidoleni.

"Unanitazama nini?" kikongwe alifoka. "Vaa uende ukalale. Kesho una kazi." Akachota mbegu kutoka kwenye fuko, akamgeuzia mgongo, ta, ta, ta.

Oydin alishuka ngazi, akatumbukiza miguu, na viatu vikamwingia mara moja.